Zitakazobaki

Mtaani walimjua kama Fundi Spika, na wengi hawakujua kwamba aliwahi kuwa kitu kingine. Duka lake lilikuwa na mlango mmoja na dirisha lisilofunguka, na ndani mlijaa matumbo ya redio, nyaya za rangi zote, na spika zilizopasuka ngozi zikisubiri zamu yao. Ukimpelekea spika inayokoroma, aliiwekea sikio kabla ya kuifungua, kama daktari anavyosikiliza kifua, halafu alikwambia palepale kama itapona au ukaifanye kigoda.

Kila Jumamosi baada ya taarifa ya habari ya mchana kulikuwa na kipindi redioni kilichoitwa Zitakazobaki. Mtangazaji wake alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wasikilizaji wote walimwita Shangazi, kwa sababu ulimi wake ulikuwa wa shangazi hasa: akikusifu unaona aibu, akikusema unatamani ardhi ipasuke. Kazi ya kipindi ilikuwa moja tu. Shangazi na wageni wake walisikiliza albamu za siku hizi, wakabishana, kisha wakabashiri ni ipi watu wataendelea kuisikiliza wakati wao wenyewe wameshakuwa udongo.

Fundi alikuwa ameinama juu ya redio ya mtu, chuma cha moto cha kulehemu mkononi, pale Shangazi aliposema kwamba leo hatabishana na mgeni yeyote. Alisema amekaa kwenye kiti kile miaka mingi na amebashiri mengi kwa kusitasita, ila safari hii hasiti. Kuna msichana, alisema, mpima damu hospitalini, aliyejirekodi mwenyewe nyumbani kwao, na albamu yake inaitwa Chumba cha Nyuma. "Wajukuu wa wajukuu zetu wataisikiliza hii," alisema. "Nisipokuwepo, mje mniambie kaburini."

Msichana huyo alikuwa binti yake Fundi. Nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga mlango wa uzazi.

Haikupita muda watu wakaanza kuingia dukani. Kinyozi wa jirani alikuja na sabuni bado mkononi. Mama muuza vitambaa alimshika Fundi mabega akamtikisa, akamwambia kwamba sasa hatawatambua tena. Fundi aliwashukuru mmoja mmoja, akacheka walipocheka. Walipoondoka alizima chuma cha moto akakaa kwenye kiti chake. Alijisikia kama mzazi aliyesikia jina la mwanawe kwenye taarifa ya ajali, akawa bado hajaambiwa kama mtoto yu hai.

Sababu yake ilikuwa ya zamani, na mtu pekee aliyeijua ni mkewe.

Ujanani Fundi alipiga gitaa la besi katika bendi ya vijana watano walioitwa Wana Ngazi, kwa kuwa walifanyia mazoezi chini ya ngazi za ghala moja, mahali ambapo hata panya walikuwa wameshapahama. Walitoa albamu moja, Mvua ya Mawe. Ilipotoka, mhakiki mmoja wa gazeti, mtu aliyeheshimiwa na asiyejulikana kwa kusifu ovyo, aliandika kwamba albamu za mwaka ule zote zitakufa isipokuwa hiyo, na kwamba itawazika hata waliokuwa bado hawajazaliwa. Fundi alikuwa akijifunza ufundi wa umeme wakati huo. Aliacha siku ya pili yake. Wenzake nao kila mmoja aliacha alichokuwa nacho.

Kubashiriwa ni jambo la ajabu. Ukiambiwa wewe hovyo, utakasirika, utalala, kesho utaamka na kuendelea na shughuli zako. Lakini ukiambiwa kwamba utakuja kuwa mkubwa, kilichobaki ni kungoja, na wahenga walishasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Vijana wale waliongoja waliumia zaidi ya matumbo. Walijaribu albamu ya pili, na kila wimbo waliouanza waliupima na ile ya kwanza, wakauona mfupi, wakautupa. Mpiga solo aliingia kwenye pombe akazama humo. Mwimbaji alisafiri, hakurudi. Mpiga kinanda aliokoka akawa anahubiri kwamba muziki wa dunia ni moshi, na katika hilo huenda hakukosea sana. Kampuni iliyotoa Mvua ya Mawe ilifungwa, kanda zake zikaloa ghalani zikaota ukungu. Fundi aliuza gitaa lake kabla Kitinda hajazaliwa. Watoto wake walijua tu kwamba baba aliwahi kupigapiga gitaa, vile wanaume wengine wanavyosema waliwahi kucheza mpira.

Albamu ya binti yake alikuwa ameshaisikia. Aliisikia ikijengwa, kupitia ukuta, maana Kitinda alikuwa ametundika magodoro ya zamani kwenye kuta za chumba cha nyuma ili kelele za barabarani zisiingie, lakini hakuweza kuzuia sauti yake yeye isitoke. Ilipokamilika, Fundi aliibeba dukani. Siku hiyo alikuwa na spika nzuri ya mteja, nzito, ya kanisani, akafunga mlango mchana kweupe akaifungulia humo. Aliisikiliza kama mtu anayetafuta wadudu kwenye mchele. Alitaka kuwapata. Kwenye wimbo wa tatu binti yake alivuta pumzi kana kwamba kiitikio ndiyo kinaingia, na kiitikio hakikuingia. Kilikuja baadaye, kwa sauti ya chini, mtu akiwa ameshakata tamaa nacho. Fundi aliurudia pale mara kadhaa. Hakupata mdudu. Angepata hata mmoja angelala usingizi, angejua kwamba msichana ataimba, atapigiwa makofi ya heshima, na atarudi kupima damu za watu. Lakini ile ilikuwa kazi nzuri, nzuri kweli, na Fundi alijua wazuri hufanywa nini.

Wiki ile ile ya ubashiri wa Shangazi, Kitinda aliwaambia wazazi wake mezani kwamba ameaga kazini. Alisema kwa furaha, kijiko kikining'inia mkononi. Shangazi alikuwa amempigia simu mwenyewe na kumwambia kwamba albamu ya kwanza hufungua mlango na ya pili ndiyo hujenga nyumba. Kitinda alisema hawezi kutengeneza kitu cha kubaki huku akitokea maabara jioni na vidole vinanuka spiriti.

Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Alimtazama mumewe upande wa pili wa meza, akangoja aseme. Fundi alisema kwamba huenda ingefaa aombe angalau nusu ya zamu, asikate kamba yote.

"Kwani wewe huioni nzuri, Baba?" Kitinda aliuliza.

"Ni nzuri."

"Basi?"

Miaka thelathini na kitu ilikuwa imejaa mdomoni mwa Fundi, na mdomo haukufunguka. "Basi hakuna," alisema. "Kula, chakula kinapoa."

Asubuhi, Kitinda akiwa ametoka, Mwalimu alimfuata mumewe uani alikokuwa anapiga mswaki. Alimwambia kwamba mtoto ana haki ya kujua. Fundi aliuliza amwambie nini hasa, kwamba na yeye aliambiwa hivyohivyo? Mwalimu akasema ndiyo, hivyohivyo, neno kwa neno. Fundi alisukutua, akatema, akasema Kitinda atadhani anamfananisha naye.

"Kwani humfananishi?" Mwalimu aliuliza.

Fundi alikung'uta mswaki. Kulikuwa na aibu, hilo hakulikana moyoni. Lakini kilichomfunga mdomo zaidi ya aibu ni kwamba huenda kwa binti yake ingekuwa kweli. Zipo albamu zinazobaki. Lazima kuna watu waliobashiriwa na ikawa. Nani angekuwa na roho ya kwenda kumzimia mtoto taa kwa sababu taa yake mwenyewe iliishiwa mafuta?

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Waandishi walikuja, wakampiga picha akiwa ameketi kati ya yale magodoro. Alialikwa kuimba hapa na pale, na wasichana wadogo walimsimamisha barabarani. Kisha mialiko ikapungua, si kwa ubaya, ila kama maji ya bomba yanavyopungua: unafungua unapata kidogo, unafungua unapata hewa. Kitinda alisema haina neno, kwa kuwa kitu cha kubaki hakina haraka. Alijifungia kutengeneza albamu ya pili.

Fundi akawa anasikiliza kupitia ukuta, na akawa anasikia kitu anachokijua. Wimbo ulianza, ukakatika. Ukaanza tena kwa njia nyingine, ukakatika. Kulikuwa na mmoja aliousikia ukikua siku baada ya siku, wimbo mwepesi wenye utani ndani yake, wa mtu anayemsubiri fundi bomba ambaye haji, na Fundi alijikuta akiuimbaimba dukani huku anafungua skrubu. Halafu ukapotea. Alimuuliza Kitinda wakati wa chai umeenda wapi.

"Nimeufuta," alisema. "Haukuwa wa kubaki."

"Kwani lazima ubaki? Mimi ulikuwa unanichekesha."

Kitinda alimtazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mzee aliyeuliza swali la kitoto, akammiminia chai nyingine. Alikuwa amekonda. Alikuwa na tabia mpya ya kusikiliza albamu yake mwenyewe kwenye simu, kisikilizio kimoja sikioni, hata akiwa anakatakata vitunguu, na uso wake wakati huo ulikuwa uso wa mtu anayemsikiliza mpinzani.

Kipindi kilipotimiza miaka kumi, Shangazi aliandaa sherehe hewani akamwalika Kitinda kuwa mgeni wa heshima. Msichana aliondoka asubuhi na gauni jeupe, midomo imepakwa rangi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikula kifungua kinywa chote. Fundi aliweka redio juu ya kaunta dukani. Kulikuwa na mteja mmoja, dereva wa lori aliyeleta redio ya gari iliyogoma, naye akakaa kwenye kreti kusikiliza.

Shangazi alikuwa mchangamfu. Alisema kwamba kabla hawajajisifu ingefaa wajicheke kidogo, maana ubashiri haukuanza na wao. Zamani, alisema, kulikuwa na mhakiki wa gazeti, marehemu sasa, mtu mwenye masikio makali kabisa, na hata yeye siku moja aliteleza. Aliandika kwamba bendi moja iliyoitwa Wana Ngazi imetoa albamu itakayowazika hata wasiozaliwa. "Haya, wasikilizaji," Shangazi alisema, "kuna aliyewahi kuwasikia Wana Ngazi? Mimi sikuwahi. Vijana wa maktaba wamepekua mpaka wakapata santuri moja yenye mikwaruzo. Tusikilize kilichokuwa kituzike."

Mikwaruzo ilisikika kwanza. Kisha likaingia gitaa la besi peke yake, kwa sababu ndivyo wimbo ulivyoanza, na Fundi alikumbuka kwamba ni yeye aliyewaomba wenzake wamwache aingie peke yake. Hakuwa ameusikia tangu alipokuwa na nywele. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilijikunja vyenyewe juu ya kaunta, vikatafuta nyuzi.

Shangazi alikatiza muziki, akamuuliza mgeni wake anaonaje. Kitinda alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha mgeni anayetaka kumpendeza mwenyeji wake. "Hiyo besi," alisema, "inatembea kama mzee anayetafuta miwani yake."

Shangazi alicheka hadi akakohoa. Dereva wa lori naye alicheka, akapiga paja, akamtazama Fundi kuona kama na yeye amelipata. Fundi akacheka. Alisema kweli, ndivyo inavyotembea. Kisha alivuta taa karibu, akamalizia redio ya dereva, akaijaribu, akamkabidhi, na dereva alipotoka alifunga duka kukiwa bado kweupe.

Nyumbani alimkuta Mwalimu ameketi mezani, redio imezimwa. Alijua bila kuambiwa kwamba naye amesikia. Alimwomba asiseme. Aliomba kwa maneno ambayo hakuwa amemwambia mkewe tangu walipokuwa wachumba, akamshika mkono, akasema mtoto ametoka nyumbani amefurahi, amwache arudi amefurahi. Mwalimu alisema kwamba kinyozi anajua, au atajua. Yupo mzee mmoja sokoni anayewakumbuka Wana Ngazi wote kwa sura. Asiposikia kwa mama yake atasikia barabarani, kwa mtu anayecheka.

Kitinda aliingia na kikombe cha zawadi chenye nembo ya redio. Alianza kueleza jinsi studio ilivyo na baridi, na jinsi Shangazi alivyo mfupi kuliko sauti yake. Mama yake alimwacha amalize.

"Ile besi mliyoicheka," Mwalimu alisema, "ni baba yako aliyekuwa anaipiga."

Kitinda aliweka kikombe mezani taratibu. Alimtazama baba yake, akatazama mikono ya baba yake. Alianza kusema samahani, na Fundi akamkatiza, akasema hakuna cha samahani, alikuwa anaburuta kweli, mpiga ngoma alikuwa na homa siku ile wakaogopa kumwacha nyuma. Alijaribu kutabasamu. Halafu, kwa kuwa mlango ulishavunjwa, alimweleza yote: mhakiki, ufundi wa umeme alioutupa, nyimbo za albamu ya pili walizozipima na kuzitupa, na wenzake mmoja mmoja jinsi walivyoishia. Kitinda alisikiliza amesimama. Hakuwa ameweka hata mkoba chini.

"Na wewe uliamini?" aliuliza.

"Niliamini."

"Uliacha lini kungoja?"

Fundi alitaka kumdanganya. Alikuwa na jibu tayari, kwamba aliacha alipooa, au alipozaliwa mtoto wa kwanza. Ni jibu ambalo baba yeyote angelitoa. Lakini kilichotoka kilimshangaza hata yeye.

"Sijaacha," alisema. "Kila redio ninayoipokea dukani, nikiiwasha, kwanza nasikiliza kama ni sisi tunaopigwa. Kila redio." Akakohoa. "Leo tumepigwa."

Mwalimu aligeukia dirisha. Katika miaka yote ya ndoa yao hata yeye hakuwa ameambiwa hilo.

Kitinda alikaa sasa. Aliuliza kama ilikuwa nzuri, ile Mvua ya Mawe, amwambie ukweli kama fundi na si kama baba. Fundi alifikiri, akasema ilikuwa nzuri. Kitinda akauliza kama ilikuwa nzuri kama yake. Fundi alikigeuzageuza kile kikombe cha zawadi. Alikuwa ameusikiliza wimbo wa tatu mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na siku hiyohiyo alikuwa amejisikia mwenyewe akiwa kijana.

"Sijui, mwanangu," alisema mwishowe. "Nilidhani kuna anayejua. Hakuna anayejua."

Msichana aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa majibu ya vipimo na kuyaelewa kuliko daktari alivyotarajia. Aliwatakia usiku mwema, ingawa jua lilikuwa halijazama, akaingia chumba cha nyuma. Wazazi wake walibaki mezani wakitega masikio. Hawakusikia kitu.

Siku zilizofuata aliyatoa magodoro ukutani, akayaanika uani, akayagawa kwa watu. Fundi alimkuta akivuta misumari kwa koleo, na kila msumari ukitoka uliacha tundu na vumbi la chokaa sakafuni. Alimwambia kwamba alitaka aache kungoja tu. Hakutaka aache kuimba.

"Vinatenganaje, Baba?" Kitinda aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kwelikweli, akasimama na koleo mkononi akingoja jibu, na Fundi hakuwa nalo. Angekuwa nalo asingekuwa Fundi Spika.

Akafanya jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Alivaa shati lake la harusi na misiba akaenda kituo cha redio, akakaa mapokezi mpaka Shangazi alipotoka. Kweli alikuwa mfupi. Alipojua ni nani aliye mbele yake alishika kifua, akaomba radhi, na macho yake yakalengwalengwa na machozi; hakuwa mtu mbaya. Kisha, kwa kuwa kazi ni mazoea, alisema hadithi ile ya baba na binti ingefaa sana kipindini. Fundi alisema hapana. Alikuja na ombi moja tu, kwamba Shangazi atangaze alikosea kuhusu Chumba cha Nyuma, awaambie watu ni albamu ya kawaida.

"Lakini sikukosea," Shangazi alisema.

"Najua," Fundi alisema. "Ndiyo maana nakuomba."

Shangazi alisema hawezi, kwamba kusema hivyo kungekuwa uongo na yeye hana kingine cha kuuza ila masikio yake. Walipeana mikono. Jumamosi iliyofuata alitaja albamu ya kijana mwingine, na sauti yake haikusita.

Hospitali ilikuwa imeshampa mtu mwingine nafasi ya Kitinda. Alipata kazi kwenye maabara ndogo ya mtu binafsi upande wa pili wa mji, ambako alipokea vichupa vya mkojo dirishani na kubandika majina, kazi aliyokuwa akiwaelekeza wanafunzi alipokuwa hospitalini. Hakulalamika. Alirudi jioni, akamsaidia mama yake jikoni, akajibu alipoulizwa. Simu yake aliitumia kupiga na kupokea tu. Watu walipomuuliza albamu ya pili inatoka lini, alisema ipo njiani, na baada ya muda hawakuuliza. Mwalimu alimwambia mumewe kwamba angalau mtoto analala vizuri. Fundi alijua usingizi wa namna ile. Aliwahi kuulala.

Mwaka uliofuata kaka mkubwa wa Kitinda alioa. Ukumbi ulikuwa umejaa, viti havikutosha, na spika alizifunga Fundi mwenyewe. Katikati ya sherehe mshereheshaji alinong'onezwa na mtu kwamba dada wa bwana harusi ni mwimbaji, akatangaza, na watu wakapiga makofi ya kumtoa. Kitinda alikataa kwa mkono, kisha akaona wanazidi, akaenda mbele. Fundi aliketi wima. Hakuwa amemsikia akiimba tangu siku ile ya redio, na moyo wake, mjinga kama ulivyo moyo wa mzazi, ukaanza kupanda.

Kitinda hakuimba wake. Aliimba ule wimbo wa kupokea bibi harusi ambao kila mtu pale aliujua tangu tumboni, wimbo usio na ugumu wowote. Mstari wa kwanza aliuimba peke yake na ukumbi ukatulia, kwa sababu sauti ilikuwa ileile. Mstari wa pili akina mama waliudaka. Wa tatu ukumbi mzima ulikuwa umesimama, vijana wakigonga meza, na sauti yake Fundi hakuipata tena hata alipogeuza sikio zima.

Alimuuliza mzee aliyekaa karibu naye ni nani aliyetunga wimbo ule. Mzee alimshangaa. "Wimbo wa zamani tu huu," alisema. "Una mwenyewe?"

Mbele ya ukumbi Kitinda alikuwa ameshashusha kipaza sauti mpaka kwenye paja. Midomo yake iliendelea kidogo, kisha nayo ikaacha. Alibaki amesimama kati ya watu wanaoimba, amefumba macho, na hakuna aliyegundua kwamba ameacha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo mahali penye watu wengi na hana nia ya kurudi kuuchukua. Mwalimu alikuwa anapiga makofi na kuimba na wenzake, mashavu yamelowa. Fundi aliinuka akaenda nyuma ya ukumbi, akapiga goti karibu na spika moja ambayo haikuwa na hitilafu yoyote, akaanza kukaza nyaya zake.